Namba ya Mjukuu

Benchi letu liko chini ya dirisha la duka la Fundi Chaja, na ni letu kwa sababu birika ni langu. Pasingekuwa na kahawa, wale wanaume wangekaa makwao wakiwasumbua wake zao. Mguu mmoja wa benchi ni tofali, kwa hiyo anayekaa upande ule lazima akae kwa adabu. Dirishani, juu ya kaunta, kuna kompyuta ya Fundi ambayo kioo chake kimegeuzwa kututazama sisi, na ndani yake kuna timu ya mpira. Si lile gemu la kubonyeza mtu akapiga chenga. Humu hupigi hata shuti moja. Kazi yako ni kupanga, kusajili, kuuza, kutafuta vijana wasiojulikana na kuwalea mpaka wajulikane, halafu unakaa unaangalia vijitu vidogo vikikimbia kwenye majani huku roho iko mkononi. Fundi ndiye mwenye kompyuta, lakini makocha ni benchi zima. Mimi nauza kahawa tu, ingawa maoni ninayo.

Siku ninayoisema gemu lilikuwa limesimama tangu jana yake. Msimu ulikuwa umekwisha, na kilichobaki ni kubonyeza kitufe cha kusonga mbele. Shida ni kwamba ukikibonyeza, mkataba wa Mjukuu unakufa na kijana anaondoka. Kocha msaidizi, yule wa ndani ya mashine, alikuwa ameshatoa ushauri wake: kijana huyu hana tena pa kukua, aachwe.

Mjukuu ana jina lake refu alilotungiwa na mashine, lakini hakuna hapa kijiweni anayeweza kulitamka bila kupumzika katikati. Tukamwita Mjukuu kwa sababu aliyemgundua ni Babu Saa. Huyu ni fundi wa saa za mkono, meza yake ndogo iko ubavuni mwa benchi, na muda mwingi jicho lake moja limevaa kioo cha kukuzia. Ndiye aliyemwona Mjukuu kati ya vijana wapya, akiwa na miaka kumi na sita, akabandika kidole kwenye kompyuta mpaka Fundi akamkemea kwa alama aliyoiacha. "Huyu," akasema, "mnipe huyu, na mnipe muda." Muda akapewa. Sasa Mjukuu ana miaka kumi na tisa na hata timu ya akiba anaingia kwa huruma.

Babu Saa alikuwa ameshatuambia kwamba Mjukuu akiachwa, na yeye anahamisha meza yake. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu asubuhi ile nilipofika na birika, meza ilikuwa tupu na bisibisi zake zote zilikuwa bado ndani ya kopo, na kopo limefungwa kwa kitambaa.

— Jamani, leo nabonyeza, alisema Fundi Chaja, akipuliza vumbi kwenye simu aliyoifumua. Gemu lisimame mpaka lini?

— Mpaka mtu anieleze kwa nini mtoto hakui, akajibu Babu Saa.

— Kocha msaidizi ameshakueleza. Hana pa kukua.

— Hiyo si sababu. Hiyo ni hukumu.

— Basi sababu zungumzeni nyie, na hukumu mimi natekeleza. Nikimaliza kuifunga simu hii, nabonyeza.

Hapo ndipo Profesa alipotoka saluni. Profesa ni kinyozi, mlango wake ni wa pili kutoka hapa, na jina hilo tulimpa kwa sababu tangu tumjue hajawahi kusema hajui kitu. Taulo lilikuwa begani na mashine ya kunyolea mkononi. Ndani alikuwa amemwacha mteja aliyenyolewa upande mmoja.

— Nimewasikia kutoka kule, alisema. Sababu mimi ninayo. Ni umeme.

— Umeme umemfanya nini?

— Fikirini kwa utaratibu. Kila umeme ukikatika kabla Fundi hajasevu, sisi tunarudi nyuma, siyo? Kuna mwezi mmoja tumeurudia mpaka nimewajua watazamaji kwa sura. Sisi tuliona usumbufu tu. Yeye je? Kafanya mazoezi, katoka jasho, kajifunza kitu, mara giza. Kimefutika. Aanze upya. Babu, wewe ungekua?

— Mbona wenzake wamekua? aliuliza Fundi. Umeme ni huohuo.

— Wenzake walikuwa hawajifunzi. Asiyejifunza anafutiwa nini?

Nilimjazia Profesa kikombe, maana jibu kama lile linahitaji kushikiliwa na kitu. Babu Saa alikuwa amelitafakari kweli, kichwa amekiinamisha. Ndivyo alivyo. Hata neno la kipuuzi analigeuza kwanza aone kama ndani kuna springi iliyolegea.

— Haiwezekani, alisema mwishoni. Umeme ukirudi, kumbukumbu yake inarudi palepale ilipokuwa. Hapungukiwi kitu.

— Kumbukumbu ndiyo, ari sasa? alisema Profesa. Kuna mahali mashine inasevu ari?

Hakuna aliyejua. Profesa akanywa kahawa kwa furaha.

Dalali alikuwa amekaa muda wote huo akichezea funguo. Ni dalali wa nyumba, ana shada la funguo za nyumba za watu, na ukimwona anavyotembea nalo utadhani mtaa mzima ni wake.

— Nyie mnahangaika na umeme, alisema. Mimi nauliza, huyu mtoto analala wapi?

— Analala kwenye kituo cha vijana, Fundi alimjibu.

— Chumba kina dirisha upande gani?

— Dalali, hiki ni kitu cha kompyuta.

— Najua ni kompyuta, usinifundishe. Lakini mimi wapangaji nimewaona. Mtu unamweka chumba kisichoingia jua asubuhi, mwezi wa pili ananuna, mwezi wa nne anagombana na jirani kwa ajili ya ndoo. Huyu katolewa kwao akiwa mdogo, kaletwa mahali hajui mtu, mnampa mazoezi na nyota za kipaji. Mmemuuliza habari za nyumbani?

— Kuna alama ya furaha, Fundi alisema, akakivuta kipanya. Inaonyesha ameridhika.

— Wapangaji wote wanasema wameridhika mwenye nyumba akiwa mlangoni.

Hata Babu Saa alitabasamu kwa hilo. Dalali alipoona amepata wasikilizaji, akaongeza kwamba pengine kijana ana mpenzi, na mpenzi mwenyewe hapendi mpira, na ndiyo maana kasi yake imeshuka tangu walipomtoa kwa mkopo kule kwenye timu ndogo iliyomkalisha benchi msimu mzima. Profesa akadakia kwamba si mpenzi, ni nahodha. Nahodha ni mzee, anacheza kwa kubebwa, na ameshaona kwamba kijana atamnyang'anya nafasi, kwa hiyo anamnyima pasi mazoezini.

— Nafasi gani hiyo atakayomnyang'anya? aliuliza Fundi. Nahodha ni kipa.

— Ndiyo mjue wivu ulivyo, akasema Profesa.

Kutoka saluni mteja akaita kwamba upande ulionyolewa unapata baridi. Profesa akamwambia avumilie, kuna jambo la kitaalamu.

— Na kama amechoka tu? nilisema mimi. Mtoto naye anachoka.

Wote walinitazama kana kwamba nimemwaga kahawa kwenye kompyuta. Nikaendelea kuosha vikombe. Ndivyo walivyo, ukisema kitu cha kawaida kijiweni hupati hata wa kukubishia.

Fundi Chaja aliweka simu chini. Nilimwona anasita, kama mtu mwenye habari ambayo angependa mwingine aitoe.

— Kuna kitu sijawahi kuwaambia, alisema. Kila kijana anayezaliwa humu ndani anazaliwa na kikomo chake. Mashine inampimia mwisho wa kipaji, halafu inauficha. Unaweza kumlea upendavyo, ukampa kocha mzuri, ukampa mechi. Akifika pale pake, basi. Haongezeki hata chembe.

Funguo za Dalali zilinyamaza.

— Anapimiwa lini? aliuliza Babu Saa.

— Siku anayotokea.

— Kabla hajagusa mpira?

— Kabla hata hajapewa jina, nadhani.

— Na wewe umekiona cha Mjukuu?

— Nimekwambia kimefichwa, Babu.

— Kocha msaidizi amekiona?

— Hajakiona. Anakisia kwa kumtazama. Nyota zile anazomwekea ni makisio yake ya kipaji. Ndiyo maana zilikuwa nne, zikawa tatu, sasa ni mbili. Kikomo hakibadiliki, ila yeye anabadili mawazo.

— Kwa hiyo, alisema Babu Saa polepole, mtu ambaye hajaona anatuambia tumwache mtoto kwa ajili ya kitu kisichoonekana.

— Ukiliweka hivyo.

— Kuna namna nyingine ya kuliweka?

Fundi akaichukua tena ile simu. Mimi niliyekuwa naosha vikombe nilijikuta nawaza kama na mimi nimepimiwa, na kama nimeshafika au bado, na nani ananikisia. Si kitu cha kuwaza mtu akiwa na sabuni mikononi. Lakini kiliniingia, na nadhani kiliwaingia wote.

Profesa ndiye aliyetuokoa.

— Mimi sasa nimeelewa, alisema. Huyu kijana anatuona.

— Anatuona vipi?

— Kumbukeni. Zamani kompyuta ilikuwa inatazama ndani, kwa Fundi. Mjukuu alikuwa anakua vizuri tu. Fundi akakigeuza kioo kikatazama nje, ili benchi zima tuone. Tangu hapo mtoto kadorora. Kila akiinua macho anaona sura zinamsubiri akosee.

— Sura ya nani hasa? aliuliza Dalali.

— Sitaji mtu. Ila nyingine zinatisha zaidi.

— Kama ni hivyo auzwe, alisema Dalali. Aende mahali asipotazamwa.

— Nani atamnunua? Fundi aliuliza. Nimemweka sokoni hajaulizwa hata bei.

— Tangazo lako baya. Niachie mimi niliandike. Kijana mtulivu, anafika kokote, haishi mbali na uwanja.

Babu Saa hakucheka. Alikuwa amelivuta kopo lake la bisibisi likawa mapajani, amelishika kwa mikono miwili. Dalali, ambaye kwa kawaida haoni kitu kisichokuwa na paa, aliliona.

— Babu, nikuulize bila ubaya. Sisi hili tunacheza. Wewe mbona kama linakukata kabisa?

— Mimi niliachwa nikiwa na miaka kumi na saba, alisema Babu Saa.

Hilo tulikuwa tunalijua. Husema hivyo kila mara, kwamba alikuwa kwenye timu ya vijana, timu ya maana, na kwamba kocha alimwita pembeni akamwambia hana nafasi. Akifika hapo huvaa kioo chake jichoni na kuchukua saa ya mtu, na hadithi inaishia hapo. Kwa miaka yote hakuna aliyemuuliza zaidi, labda kwa heshima, labda kwa sababu Profesa anakuwa ameshaanza kusema kitu. Siku ile alikivaa kioo akatafuta saa ya kushika, ila meza ilikuwa tupu. Akabaki anatazama viganja vyake kwa jicho lililokuzwa. Nilimwonea huruma, nikajifanya nachochea mkaa.

— Nimemaliza simu, alisema Fundi, kwa sauti ya chini. Babu, nisamehe. Tukiacha hivi hatutacheza tena.

Kidole kilikuwa kwenye kipanya alipofika dada mmoja anayeuza duka la dawa, koti lake jeupe likiwa mkononi.

— Fundi, simu yangu ile ya kioo kilichopasuka.

— Dakika tano tu, dada. Kaa hapo unywe kahawa.

Dakika tano za fundi kila mtu anazijua. Dada akakaa, tena upande wa tofali, benchi likainama, akashika ubao kwa haraka. Nikammiminia kikombe. Ndicho kilichokuwa cha mwisho. Birika lilitoa kahawa nusu na machicha nusu, nikamwomba radhi, akasema haidhuru. Akanywa akiwatazama mmoja mmoja, maana walikuwa wamenuna kama watu waliotoka kuzika.

— Kuna mgonjwa? aliniuliza.

— Kuna mtoto hakui, Babu Saa alimjibu kabla yangu.

Kikombe kikateremka. Akageuka mzimamzima, kama anavyogeuka nadhani kwa mteja aliyekuja na mtoto mgongoni.

— Ana umri gani?

— Kumi na tisa.

— Hakui kimo au haongezeki uzito?

— Haongezeki kipaji, alisema Profesa. Ni mchezaji. Yumo humo kwenye kompyuta. Tumempata tangu mdogo, tumemlea, tumempa kila kitu, na sasa kocha anasema aachwe. Sababu zipo kama nne hivi, zote nimezitoa mimi.

Nilidhani atatucheka. Wengi wanaopita hutucheka, na wana haki. Yeye alisogea akachungulia kioo, akamwona Mjukuu: picha ndogo ya uso uliotengenezwa na mashine, masikio makubwa, macho hayatazami popote.

— Ana sura ya upole, alisema. Anacheza namba ngapi?

— Winga, alisema Babu Saa.

— Straika, alisema Profesa.

— Beki wa kati, alisema Dalali.

— Kiungo, alisema Fundi Chaja.

Walisema kwa pamoja, na majibu yote manne nikayasikia. Wao ilibidi kwanza wanyamaze ndipo wayasikie. Wakaangaliana.

— Winga wa wapi? aliuliza Profesa. Mimi nilishampangia mazoezi ya ushambuliaji kitambo.

— Ulimpangia lini? aliuliza Fundi.

— Siku ile ulipotoka kutafuta spika. Nilikuwa nangojea simu yangu ijae, kompyuta iko wazi, nikasema ngoja nimsaidie mtoto. Nilipokuja tena nikakuta amerudishwa kuwa beki. Nikajua mashine ina hitilafu, nikamrekebisha.

— Haikuwa hitilafu, alisema Dalali. Ni mimi. Mabeki wanauzika, hamjui tu. Kila nikipita kuchukua funguo nilizomwachia Fundi namkuta kageuzwa, namrudisha.

— Funguo unazichukua kila siku.

— Basi na kumrudisha ilikuwa kila siku.

— Na mimi nilidhani ni virusi, alisema Fundi, ameshika kichwa. Kila asubuhi nikifungua namkuta mahali pengine. Nikawa namweka kiungo. Sikutaka kuwaambia, nikaona mtaanza kusema kompyuta yangu mbovu.

Wote wakamgeukia Babu Saa.

— Ana kasi, alisema Babu Saa. Nilimwona ana kasi, nikamweka winga. Kila mkienda kula namweka winga.

Fundi akakivuta kipanya. Akafungua ukurasa wa Mjukuu, akabonyeza mahali ambapo sijawahi kuona wakibonyeza, na ukatokea uwanja mdogo umechorwa kama unavyotazamwa kutoka angani. Akatueleza kwamba mahali mchezaji anapopaweza hasa huwa na kitone cha kijani kilichoiva, na mahali anapobabaisha huwa na kitone kilichofifia. Wa nahodha ulikuwa na kitone kimoja tu, golini, kijani mpaka kinang'aa. Wa Mjukuu ulikuwa umejaa vitone, nyuma, mbele, kushoto, kulia, katikati, na vyote vimepauka. Uwanja mzima kaugusa na hakuna palipokuwa pake.

— Masikini, alisema yule dada.

Mteja wa Profesa alikuwa ametoka saluni na nusu ya nywele zake, akasimama nyuma yetu kuangalia. Hata yeye hakulalamika.

— Sasa si rahisi? alisema dada. Mrudisheni kwenye namba yake. Mlipomchukua alikuwa anacheza wapi?

Fundi akatafuta. Akapanda juu, akashuka chini, akafungua ukurasa huu na ule. Mashine ilikuwa inajua Mjukuu amevaa jezi gani kila mwezi, amekosa mechi ngapi kwa mafua, lakini namba ilionyesha ya leo tu, na ya leo ndiyo ile ya kupauka. Dalali akazitazama funguo zake moja baada ya nyingine. Profesa alifungua mdomo, tukasubiri, akaufunga.

— Sijui, alisema.

Sikuwahi kulisikia neno hilo likitoka pale, na sikulifurahia kama nilivyowahi kudhani ningelifurahia.

Akabaki Babu Saa. Yeye ndiye aliyemwona. Yeye ndiye aliyebandika kidole. Alivua kioo jichoni, akakifuta kwa kitambaa cha kopo, akakishika bila kukivaa.

— Nilitazama nyota, alisema. Zilikuwa nne. Chini yake palikuwa pameandikwa anapocheza, najua palikuwa pameandikwa. Sikusoma.

Hakuna aliyemlaumu. Nani angemlaumu?

— Mimi nilikuwa beki wa kushoto, akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilipochukuliwa kule kwenye timu ya vijana, nilikuwa beki wa kushoto tangu mtaani. Kocha wa kwanza akaona nina mbio, akaniweka mbele. Wa pili akaona nina kichwa, akaniweka katikati. Siku kipa alipougua nikawekwa golini. Nilikubali kila walichosema, nikidhani ndiyo adabu. Mwisho nikaitwa pembeni, nikaambiwa hujulikani unacheza wapi, huna namba. Na kweli siku ile sikuwa nayo. Lakini nilikuwa nayo nilipofika. Na hakuna mtu aliyeniuliza.

Alipumua.

— Na mimi sikumuuliza huyu.

Macho yalinichoma, na si kwa moshi wa mkaa. Miaka yote namuuzia kahawa, na hadithi ile naiachia njiani kama wenzangu.

— Fundi, alisema Babu Saa. Humo ndani kuna mahali pa kuzungumza naye?

— Papo.

— Unaweza kumwambia nini?

Fundi akafungua. Akatusomea.

— Unaweza kumsifu kwa mazoezi. Kumwonya. Kumwambia ajitume zaidi. Kumwambia unamwamini. Kumwambia atafute timu nyingine.

— Na pa kumuuliza?

Fundi alisoma tena, safari hii kimya, midomo ikitembea.

— Hamna, Babu.

Babu Saa akatikisa kichwa kama mtu aliyefungua saa akakuta ndicho alichokidhania.

— Basi ondoa mazoezi yote tuliyompangia. Yote. Ya winga anza nayo.

— Na mkataba?

Fundi aliuliza akimtazama kila mmoja wetu, hata mimi, hata dada, hata yule mteja wa nusu kichwa. Dalali ndiye aliyesema mwongezee, yeye aliyetaka auzwe. Fundi akaongeza mkataba. Kisha akasema mashine haikubali kumwacha mtu bila nafasi, lazima ampange mahali, na kesho ya humo ndani kuna mechi ya kirafiki.

— Mweke katikati, alisema Babu Saa. Usimpe agizo lolote. Aliyeko katikati anaweza kwenda upande autakao.

— Na tukimwona anakosea?

— Tutazame anakosea akielekea wapi.

Simu ya dada, kumbe ndiyo ileile aliyokuwa akiifunga Fundi, ilikuwa tayari juu ya kaunta, kioo kipya kinametameta, na yeye hakuidai. Birika langu lilikuwa tupu na hakuna aliyelitazama. Profesa alimkalisha mteja wake kwenye ukingo wa benchi ili naye aone. Babu Saa alifungua kopo, akazipanga bisibisi zake mezani moja moja, kubwa mpaka ndogo kama kawaida yake, halafu hakushika hata moja. Akavuta kiti karibu na dirisha.

Fundi akabonyeza kitufe cha kusonga mbele.

Mechi ilipoanza Mjukuu alisimama palepale alipowekwa, wenzake wanampita huku na huku. Nilidhani mashine imeganda. Kisha taratibu akaanza kusogea.

— Mtu asimwambie kitu, alisema Babu Saa.

Tukanyamaza wote, hata Profesa.